Ukumbi Usio na Mlango: Nani Humlipa Msanii wa Barabarani?

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hawakutwambia, hata hivyo, ni nani hutoa pesa za kuinunua hiyo pete. Msomaji, usidhani hili ni swali la mzaha. Kila mwaka shule zetu hupeleka michezo ya kuigiza, ngoma na mashairi kwenye tamasha. Tunashinda vikombe, tunapigiwa vigelegele, mwalimu mkuu anatusifu gwarideni. Tukisha kumaliza shule, jukwaa linatoweka. Kumbi za maonyesho nchini ni chache na kodi yake si ya mtu asiye na kazi. Ndiposa vijana wengi wenye vipaji huamua kutoka nje: sokoni, stendi ya matatu, chini ya mti bustanini, ukutani pa jengo kuukuu. Huko nafasi ipo na watu wapo. Tatizo ni moja tu: pesa hazipo.

Makala haya yanajaribu kueleza jinsi sanaa ya namna hii inavyogharamiwa, hapa kwetu na kwingineko duniani, na kila njia ina utamu gani na uchungu gani.

UKUMBI USIO NA MLANGO

Ukumbi wa kawaida una mlango. Mlangoni ameketi mtu mwenye tikiti. Usipolipa, huingii. Mlango huo ndio unaomlisha msanii. Barabarani hakuna mlango. Mama anayeuza nyanya anatazama bila kuacha biashara yake, manamba anatazama huku akiita abiria, mtoto wa shule anapita na kusimama dakika mbili kisha anaenda zake. Hakuna awezaye kuwatoza hao kiingilio. Na huo ndio uzuri wenyewe wa sanaa ya nje! Inamfikia mtu ambaye hangeingia ukumbini maisha yake yote, ama kwa kukosa nauli na kiingilio, ama kwa kudhani kuwa mahali pale si pa watu kama yeye.

Lakini kitu kuwa bure kwa mtazamaji si kusema kwamba ni bure kwa aliyekitengeneza. Hebu tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme kikundi cha vijana wanane kinataka kuigiza mchezo sokoni. Watafanya mazoezi siku nne na onyesho siku moja, yaani siku tano. Tukikadiria nauli ya shilingi 100 kwa kila mmoja kwa siku, hiyo ni shilingi 4,000. Chakula cha mchana cha shilingi 100 kila mtu kwa siku, shilingi 4,000 nyingine. Kukodi spika na maikrofoni, tuseme 3,000. Mavazi na rangi, 4,000. Jumla ni shilingi 15,000, na hapo hakuna hata mmoja aliyelipwa mshahara, wala hatujahesabu ada ya kibali.

Sasa watu 300 wametazama. Kila mmoja akitupa shilingi 10 kwenye kofia, zitapatikana 3,000. Zimepungua 12,000. Ili pesa zirudi, kila mtazamaji hana budi kutoa shilingi 50, na mama nyanya pale sokoni ana watoto wa kulisha. Pengo hilo la shilingi 12,000 ndilo kiini cha makala haya. Ni nani wa kuliziba?

NJIA YA KWANZA: WATAZAMAJI NA JIRANI WENYEWE

Njia hii ni kongwe kuliko zote, na sisi Waswahili tunayo tangu hapo. Aliyewahi kuhudhuria harusi ya pwani anajua kutuza. Mwimbaji wa taarabu akigusa moyo wa mtu, mtu huyo huinuka, akacheza polepole hadi mbele, akampa noti mkononi. Hakuna aliyemlazimisha. Mpaji huonekana na watu, na hiyo ni sehemu ya raha yake.

Kulikuwa na ngoma ya beni vile vile, iliyozuka pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na baadaye kuenea Afrika Mashariki. Wachezaji waliiga gwaride na bendi za kijeshi, wakapita mitaani Mombasa na Lamu kwa ngoma na tarumbeta, vikundi vikishindana vikali. Mavazi, ala na karamu vyote hivyo vilitaka pesa. Wanachama walichanga, na wenye uwezo walitoa zaidi kwa ajili ya heshima ya kikundi chao. Mashindano ndiyo yaliyofungua mifuko: nani angekubali kikundi cha mtaa wake kiaibike mbele ya mtaa wa pili?

Mfano mkubwa zaidi wa nchi yetu ni Kamiriithu, karibu na mji wa Limuru. Mnamo 1977 wanakijiji, wengi wao wakulima na vibarua, walijijengea ukumbi wa wazi wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Waliujenga kwa mikono yao na kwa michango yao. Mchezo ulioonyeshwa pale, Ngaahika Ndeenda, uliandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii kwa lugha ya Kikuyu. Mazoezi yalifanyiwa hadharani, wanakijiji wakitazama, wakisahihisha maneno na nyimbo. Maonyesho yalianza Oktoba 1977, watu wakafurika. Tarehe 16 Novemba mwaka huo huo leseni ilifutwa. Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini tarehe 31 Desemba, akakaa huko hadi Desemba 1978. Mwezi wa Machi 1982 polisi waliubomoa ukumbi ule.

Tunajifunza nini? Kwanza, haba na haba hujaza kibaba: watu wa kipato cha chini waliweza kufanya jambo ambalo wengi hungoja serikali au mzungu awafanyie. Pili, aliyechanga huona kitu ni chake. Hakuna mfadhili aliyekaa mbali akiwaambia wanakijiji wale waseme nini. Lakini uhuru wa mfuko si uhuru wa kila kitu. Pesa zilikuwa zao, ardhi ya kukanyaga ilikuwapo, ila kibali kilikuwa mkononi mwa wengine.

Ng'ambo nako harambee imewahi kufanya makubwa. Sanamu ya Uhuru iliyoko New York ilitolewa na Wafaransa, na Wamarekani wakatakiwa kujenga kitako chake tu. Pesa zikakosekana. Mnamo 1885 mwenye gazeti, Joseph Pulitzer, aliwaomba wasomaji wachange, akaahidi kuchapisha jina la kila atakayetoa, hata akitoa senti. Katika muda wa miezi mitano zilipatikana zaidi ya dola 100,000 kutoka kwa watu zaidi ya 100,000, wengi wao wakiwa wametoa chini ya dola moja. Ukiangalia vizuri, ni kutuza kule kule: mpaji ametajwa jina mbele za watu!

NJIA YA PILI: SERIKALI

Barabara, bustani na viwanja vya mji ni mali ya umma. Kwa hivyo wengi husema: sanaa iliyoko kwenye mali ya umma na igharamiwe na kodi ya umma. Nchi kadhaa zimetunga sheria ya asilimia. Maana yake ni kwamba serikali inapojenga jengo, sehemu ndogo ya gharama ya ujenzi, mara nyingi asilimia moja, hutengwa kwa ajili ya kazi ya sanaa mahali hapo. Ufaransa ilianza mpango huo mwaka wa 1951, na majengo ya kwanza kuhusika yalikuwa, mwanafunzi mwenzangu, shule na vyuo! Jiji la Philadelphia nchini Marekani lilipitisha sheria yake mwaka wa 1959, na miji mingi ikafuata.

Uzuri wa sheria kama hii ni kwamba msanii hategemei huruma ya mtu. Pesa zimeshaandikwa ndani ya makadirio ya ujenzi pamoja na saruji na mabati. Ubaya wake ni kuwa hufaa zaidi sanaa isiyohama, kama vile sanamu na michoro ya ukutani. Mwigizaji na mcheza ngoma hawezi kujengewa ndani ya ukuta.

Mfano mwingine uko London, katika uwanja wa Trafalgar Square. Pembe moja ya uwanja ule kuna kitako kikubwa cha mawe kilichojengwa mwaka wa 1841 ili kibebe sanamu ya Mfalme William wa Nne. Fedha zikaisha, sanamu haikuwekwa, na kitako kikabaki kitupu kwa miaka zaidi ya 150. Mwaka wa 1999 kazi ya kwanza ya kisasa iliwekwa pale kwa muda, na tangu hapo jambo hilo likawa desturi: kazi moja hukaa, kisha hutolewa nyingine ipande. Gharama hulipwa na ofisi ya Meya wa London, ikisaidiwa na Baraza la Sanaa la Uingereza pamoja na wakfu wa tajiri mmoja.

Mnamo Septemba 2022 palipandishwa kazi ya Samson Kambalu, mzaliwa wa Malawi. Inamwonyesha mhubiri John Chilembwe akiwa amevaa kofia mbele ya mmisionari wa Kizungu. Siku zile Mwafrika hakuruhusiwa kuvaa kofia mbele ya mzungu. Kambalu alimchonga Chilembwe akiwa mkubwa sana na mzungu mdogo. Chilembwe aliuawa mwaka wa 1915 baada ya kuongoza maasi dhidi ya Waingereza, na zaidi ya karne moja baadaye pesa za umma wa London ndizo zilizompandisha juu katikati ya mji mkuu wao. Sanaa ina maajabu!

Je, hapa kwetu? Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 11, inaiagiza serikali kukuza utamaduni kupitia fasihi, sanaa, sherehe za jadi na njia nyinginezo. Jedwali la Nne linazipa kaunti jukumu la shughuli za kitamaduni, burudani za umma na bustani. Mwaka wa 2018 iliundwa Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, inayopata sehemu ya kodi za michezo ya kamari na bahati nasibu. Kwa maneno mengine, njia za kisheria zipo. Lililobaki ni msanii kuzijua, kuuliza ofisi ya utamaduni ya kaunti yake, na kutochoka kuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

NJIA YA TATU: MASHIRIKA YA WAFADHILI

Tamasha nyingi za sanaa ya mijini barani Afrika zimesimamishwa na mashirika yasiyo ya serikali. Kampala, jirani zetu, kuna shirika la wasanii linaloitwa 32° East. Mwaka wa 2012 lilianzisha tamasha la KLA ART. Badala ya kutafuta jumba la maonyesho, walichukua makontena ya mizigo, wakayaweka sehemu mbalimbali za mji, na kila kontena likawa chumba cha sanaa ambacho mpita njia angeweza kuingia. Mwaka wa 2014 wakaenda mbali zaidi, wakageuza bodaboda kuwa kazi za sanaa zinazotembea mjini. Hebu fikiria: mtu hata hakuhitaji kuifuata sanaa, ilimpita yenyewe barabarani.

Huko Douala, Kameruni, kikundi cha doual'art kilianzishwa mwaka wa 1991. Mnamo 1996 sanamu ya Joseph Francis Sumégné, yenye urefu wa mita 12 na iliyoundwa kwa vyuma na vitu vilivyotupwa, ilisimamishwa katikati ya mzunguko wa barabara wa Deïdo. Wenyeji wengi walikasirika. Wengine waliiona ni takataka, wengine wakataka iondolewe. Miaka ikapita, na leo ni moja ya alama za mji ule. Hapa pana funzo kwa kila anayetoa pesa na kila anayezipokea: sanaa ya nje haina mlango wa kutokea pia. Asiyeipenda ataiona kila siku aendapo kazini. Basi yafaa wenyeji waulizwe na kuelezwa mapema.

Faida ya mfadhili ni kwamba anaweza kutoa kiasi kikubwa kwa mara moja, na aghalabu hukubali majaribio ambayo serikali ingeyaogopa. Hasara zake ni tatu. Kwanza, ruzuku ina mwisho; mradi ukiisha, kikundi kinaweza kusambaratika. Pili, mfadhili ana mada zake. Mwaka huu anataka michezo kuhusu ukimwi, mwaka ujao anataka mazingira, na msanii anajikuta akiandika si yale yanayomkera yeye bali yale yanayolipiwa. Tatu, ni ripoti na stakabadhi. Kikundi kisichotunza risiti hakipewi mara ya pili, hata kiwe na vipaji namna gani.

NJIA YA NNE: WAFANYABIASHARA

Ukitaka kuona sanaa ya barabarani inayojilipia yenyewe, tazama matatu. Mwenye gari humlipa mchoraji, mpaka rangi na fundi wa taa kwa sababu anajua vijana hupanda gari lenye sura. Msanii hulipwa, abiria hufurahi, tajiri hupata faida. Hapakuhitajika ombi la ufadhili wala kamati. Hata hivyo biashara hii imewahi kupigwa breki. Sheria za uchukuzi zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zilitaka kila matatu iwe na mstari wa manjano, na michoro ikafifia kwa muda. Baadaye ilirudi kwa kishindo, ila wachoraji walikwisha kuona jinsi riziki inavyoweza kufutwa kwa amri moja.

Kampuni nazo hupaka kuta za maduka rangi zao. Mchoraji wa mtaani hupata kibarua hapo, na si haramu. Lakini tuseme ukweli: huo ukuta hauzungumzi maneno ya mchoraji, unazungumza ya kampuni. Kampuni ikidhamini onyesho sokoni, itataka bendera yake iwe mbele na pengine mchezo uguse bidhaa yake. Vijana na wakubaliane mapema, kwa maandishi, ni nini kitatajwa na nini hakitaguswa. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

NJIA YA TANO: MSANII KUJILIPIA

Yupo msanii aliyekataa njia zote hizo. Christo, mzaliwa wa Bulgaria, na mkewe Jeanne-Claude walikuwa wakifunika majengo makubwa kwa vitambaa kwa siku chache tu. Mwaka wa 1995 walilifunika jumba la bunge la Ujerumani, Reichstag mjini Berlin, kwa kitambaa cha zaidi ya mita 100,000 za mraba. Wazo lilianza mwaka wa 1971, kwa hivyo walihangaika miaka 24 kupata ruhusa, hadi bunge lenyewe likapiga kura mwaka wa 1994: 292 wakakubali na 223 wakakataa. Kazi ilikaa siku 14, ikatazamwa na watu wapatao milioni 5, bila kiingilio. Hawakupokea ruzuku ya serikali wala udhamini wa kampuni. Pesa zilitoka wapi? Christo alichora michoro ya maandalizi, akaiuza kwa wakusanyaji wa sanaa, na mapato hayo yakalipia kitambaa, kamba na wafanyakazi.

Utasema hao walikuwa mashuhuri. Kweli, kijana wa Kayole hawezi kuuza mchoro kwa mamilioni. Lakini siri yao inaweza kupunguzwa hadi kipimo chetu: toa kitu cha bure nje, uza kitu kidogo pembeni. Kikundi cha sarakasi kinaweza kufundisha watoto Jumamosi kwa ada. Mchoraji wa ukuta anaweza kuuza kadi na fulana. Mshairi wa bustanini anaweza kughani kwenye harusi, akatuzwa.

BASI TUFANYEJE?

Ukizitazama njia hizo tano, utagundua kuwa hakuna hata moja isiyo na kamba. Jirani hutoa kidogo. Serikali hutoa na kibali, na huweza kukichukua. Mfadhili hutoa na mada yake. Mfanyabiashara hutoa na tangazo lake. Anayejilipia huchoka. Kwa hivyo fundi mzuri hasimamishi nyumba kwa nguzo moja. Tukirudi kwenye zile shilingi 15,000 zetu, kikundi kinaweza kupata 3,000 za kofia, spika ya kuazima kutoka kanisani au msikitini, mwenye hoteli akatoa chakula, na ofisi ya kaunti ikaondoa ada ya uwanja. Ghafla pengo limekuwa dogo, na hakuna mmoja mwenye uwezo wa kuwaambia vijana wanyamaze, maana akiondoka yeye, wengine wapo.

Anayetaka kuomba msaada aandike barua fupi, iliyo wazi, yenye mambo haya: kikundi ni cha nani na kina wanachama wangapi, onyesho ni la nini, litafanyika wapi, siku gani na saa ngapi, nani atafaidika, gharama kwa orodha, bila kuongeza chumvi, kikundi chenyewe kimeshachanga kiasi gani, na baada ya onyesho hesabu zitatolewa lini. Lile la kuchanga wenyewe lisisahaulike. Mtu humsaidia aliyekwisha kujifunga kibwebwe. Na katika orodha ya gharama, muwekeni msanii mwenyewe. Mara nyingi fundi wa spika hulipwa, dereva hulipwa, na mwigizaji huambiwa ashukuru kwa kupewa nafasi. Nafasi hainunui unga.

Mwisho, sisi sote ni watazamaji kabla ya kuwa wasanii. Siku moja utapita mahali ukute duara la watu, na katikati yake kijana anaghani au anaruka sarakasi juani. Ukisimama, ukacheka, ukapata jambo la kuwasimulia wenzako jioni, jua kwamba umekaa kwenye ukumbi wake. Mlango haukuwapo wakati wa kuingia. Wakati wa kuondoka, tia mkono mfukoni.